Nani alipie redio ya watu wote? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya yametoka kwa wasikilizaji wa Katuba, Kenya, Ruashi na Kampemba, komini za mji wetu, mengine kwa waandishi wa habari wenzangu. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime: naona redio na televisheni ya umma katika jimbo letu la Haut-Katanga ilipiwe na sehemu ndogo ya mrabaha wa madini, ule tunaouita redevansi, chini ya sheria inayomfunga mikono mwanasiasa asiuguse. Njia nyingine zina watetezi wake, na hoja zao nimezijibu moja moja.

RTNC si ya serikali? Mbona mnaiita ya umma?

RTNC, redio na televisheni ya taifa, ni mali ya dola, na dola si sawa na watu walioko madarakani leo. Ibara ya 24 ya Katiba ya 2006 inasema vyombo vya habari vya dola ni huduma ya umma, kwamba mirengo yote ya siasa na ya jamii ihakikishiwe nafasi humo kwa usawa, na kwamba sheria ilinde ukweli wa habari, kutopendelea na wingi wa mawazo. Kwa maandishi hayo, mpinzani ana haki ya kipaza sauti kama waziri, na mvuvi wa Kasenga ana haki ya kusikika kama mbunge wake.

Tunachokisikia saa ya taarifa ya habari ni kingine, na kila mtu mjini anajua. Sababu kubwa ya tofauti hiyo ni pesa. Kituo kinachongoja mshahara utoke kwa waziri kitaanza taarifa yake na waziri, kitamaliza na waziri, na katikati kitampa mke wa waziri dakika tano. Tangu enzi za La Voix du Zaïre, tukapita OZRT, hadi jina la RTNC lilipokuja mwaka 1997, kituo kimebaki kikitazama hazina ya Kinshasa.

Sasa hivi nani analipa?

Watu wanne, na watatu kati yao hawaonekani. Wa kwanza ni dola, kwa ruzuku na mishahara. Ruzuku ikichelewa wafanyakazi hugoma, kama walivyogoma mara kadhaa. Wa pili ni mwenye tangazo la biashara. Wa tatu ni mfadhili wa kigeni, hasa kwa redio za jamii na kwa Redio Okapi ya Umoja wa Mataifa. Wa nne ni yule mwenye habari anayemlipa mwandishi mkononi. Huyo wa nne anastahili swali lake peke yake.

Kupaji ni nini, na inahusiana vipi na jambo hili?

Kila anayeandaa mkutano na waandishi hapa Lubumbashi anaijua. Chama, kampuni, kanisa au ofisi inaita waandishi, na mwisho wa kikao kunagawanywa bahasha. Wanasema ni ya usafiri. Mwandishi anarudi kituoni, habari inapita jioni hiyo hiyo, na inapita jinsi mwenye bahasha alivyotaka.

Wengi huitaja kupaji kama dhambi ya mwandishi. Mimi nasema tuitaje kwanza kama mfumo wa malipo. Mtu ana watoto shuleni, mwenye nyumba anabisha mlangoni, mshahara wake ni mdogo au haujaja, na kituo hakimpi hata pesa ya teksi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwa hali hiyo habari za mji wetu zinalipiwa na wale wale wanaozungumziwa ndani yake, na asiye na bahasha hana habari. Wakazi ambao kisima chao kimeharibiwa na maji ya kiwanda hawana bahasha. Mama ambaye mtoto wake amefukuzwa shule kwa ajili ya ada hana bahasha. Hata wachimbaji wadogo waliofukiwa shimoni hutajwa tu ikiwa mkubwa fulani amekwenda kutoa pole akiwa na kamera.

Kwa hiyo anayeniambia nchi maskini haiwezi kulipia utangazaji wa umma, namwambia tunaulipia tayari. Tunaulipia vibaya, gizani, na mlipaji ndiye anayechagua nini kisemwe.

Tuna redio nyingi za watu binafsi. Za umma za nini?

Hesabu wenye redio hizo. Nyingi ni za wanasiasa, za makanisa au za wafanyabiashara, na kila moja ina kazi aliyoipa mwenyewe. Sizilaumu. Lakini kipindupindu kinapoingia katika mitaa, nani ana wajibu wa kurudia kila saa, kwa lugha ambayo bibi wa miaka 70 anaielewa, kwamba maji yachemshwe na mgonjwa apelekwe wapi? Wakati wa uchaguzi, nani ana wajibu wa kuwapa wagombea wote muda sawa? Wajibu huo hauna faida ya biashara, ndiyo sababu lazima uwe na mlipaji wake.

Kwa nini tusilipe ada kwa kila nyumba kama Waingereza?

Uingereza walianza na redio mwaka 1922 kwa shilingi 10, na Aprili 2025 ada ya televisheni ilifika pauni 174.50 kwa mwaka kwa nyumba. Uzuri wake ni kwamba pesa inatoka kwa msikilizaji, haitoki mfukoni mwa waziri. Hata huko mjadala ni mkali: hati ya kifalme ya BBC inakwisha tarehe 31 Desemba 2027, na watu wengi wameacha kutazama televisheni kwa njia ya zamani.

Ujerumani walikwenda mbali zaidi. Tangu 2013 kila nyumba inalipa, iwe na televisheni au haina, na kuanzia 2021 malipo yakawa euro 18.36 kwa mwezi. Jambo la kujifunza huko si kiasi. Ni kwamba tume huru ya wataalamu ndiyo inayopima mahitaji ya vituo na kupendekeza ada. Mwaka 2020 jimbo la Sachsen-Anhalt lilizuia nyongeza, na mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ikasema jimbo moja haliwezi kuvizuilia vituo pesa vinazohitaji. Wazo hilo nitalirudia, kwa sababu bila hilo njia yoyote ya kulipa itaishia pale pale.

Ila ada ya nyumba kwa nyumba inahitaji anwani, daftari la wakazi, na watu wenye kipato cha kila mwezi. Afrika Kusini, ambao wana vitu hivyo kuliko sisi, wanatoza randi 265 kwa mwaka na wengi sana wa wanaotakiwa kulipa hawalipi. Hapa kwetu mkusanyaji angepita Katuba na daftari lake, angepewa kitu kidogo mlangoni, akaenda zake. Tungekuwa tumeongeza mtoza ushuru mwingine juu ya wale ambao mama wa soko anawakimbia kila siku.

Basi iingizwe kwenye bili ya umeme.

Italia walifanya hivyo mwaka 2016 na wakwepaji walipungua sana. Morocco wana kodi ya namna hiyo kwenye bili ya umeme, na Côte d'Ivoire pia hukusanya ada ya RTI kwa njia hiyo. Kwa mji wenye mita kila nyumba ni njia rahisi.

Lakini nani ana umeme Kongo? Watu wengi kabisa wa nchi hii hawana. Mjini Lubumbashi, mwenye mita hukaa siku nzima kwenye delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, kisha utamdai alipie redio ambayo hakuweza kuiwasha? Na kijijini, mwenye redio ya betri, ambaye ndiye anayeihitaji kuliko wote, hangekuwemo katika hesabu.

Ikatwe kidogo kidogo kwenye unite za simu?

Hapana, na nasema hapana kwa sauti kubwa. Tulishapitia RAM, ile ada ya kusajili simu. Ilianza 2020: simu za kawaida dola 1 kwa mwaka, simu za intaneti hadi dola 7, ikikatwa kwenye unite bila mtu kuulizwa. Watu waliona salio lao linayeyuka na hawakuona kilichojengwa. Kelele zilipanda kutoka sokoni hadi Bungeni, na mwaka 2022 ikafutwa. Ukimtajia mtu wa Lubumbashi makato mapya ya simu, hata kwa jambo jema namna gani, atakumbuka RAM na ataichukia redio kabla haijasema neno. Kodi ya umma inahitaji imani ya umma. Hapo imani ilichomwa.

Matangazo ya biashara je?

Yaruhusiwe kwa kiasi. Yasiwe mguu wa kusimamia, kwa sababu watangazaji wakubwa mjini ni wachache: bia, simu, benki, madini. Akiondoka mmoja kwa hasira ya habari moja, kituo kinayumba.

Wafadhili wa nje wamesaidia sana. Kwa nini tusiendelee nao?

Wamesaidia kweli, na shukrani ni deni. Redio Okapi ilianza Februari 2002, kazi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, nchi ikiwa imekatwa vipande na vita. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mtu wa Lubumbashi, wa Bukavu na wa Mbandaka kusikia habari moja, kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa. Wengine walilipa kwa damu: Serge Maheshe aliuawa Bukavu mwaka 2007, Didace Namujimbo mwaka 2008. Kila ninaposikia mtu akisema habari ni kazi ya kusoma karatasi, nawakumbuka hao wawili.

Lakini Okapi ipo kwa sababu ujumbe wa Umoja wa Mataifa upo, na ujumbe huo ulishatoka Kivu Kusini katikati ya 2024. Ukiisha wote, nani ataichukua? Redio za jamii zimeonja jibu tayari: Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na vituo vidogo duniani kote vilivyokuwa vikilipia mafuta ya jenereta na mafunzo kwa pesa hiyo vikabaki mikono kichwani. Hata Wamarekani wenyewe hawakupona: Julai 2025 Bunge lao lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kupitishwa kwa shirika lao la utangazaji wa umma, lililoundwa 1967, na mwezi uliofuata shirika likatangaza kwamba linafunga kazi. Walioumia zaidi ni vituo vya mashambani, ambako hakuna tajiri wa kuchangia.

Pesa inayoweza kukatwa kwa saini moja mbali na hapa haijengi kituo cha kudumu.

Ufaransa wamefuta ada. Si tuwafuate, bajeti ya dola ilipe yote?

Ufaransa ilifuta ada ya euro 138 mwaka 2022 na kuweka fungu la kodi ya mauzo, TVA, mahali pake, kisha mwishoni mwa 2024 ikapitisha sheria ya kulidumisha. Norway pia wamehamia bajeti ya dola. Sweden na Finland wanatoza kodi kwa kila mtu kulingana na kipato chake. Yote hayo yanafanya kazi mahali ambapo fungu lililoandikwa kwenye bajeti hutolewa kweli. Kwetu, kati ya kuandikwa na kutolewa kuna safari ndefu. Katiba yetu, ibara ya 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo na ikatwe papo hapo kwenye chanzo. Muulize gavana yeyote ni mwaka gani ilikatwa hivyo.

Sasa hilo pendekezo la madini ni lipi hasa?

Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaitoza kampuni mrabaha wa asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa kobalti, tangu kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati. Kila dola 100 za mrabaha zinagawanywa hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au uchifu ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kilicho muhimu ni kwamba sheria inataka kila fungu liende moja kwa moja kwa mwenyewe, badala ya kuzunguka Kinshasa kwanza.

Pendekezo langu: katika zile dola 25 za jimbo, dola 1 iingie katika mfuko wa utangazaji wa umma wa Haut-Katanga. Serikali kuu iongeze dola 1 kutoka katika 50 zake kwa ajili ya majimbo yasiyo na mgodi, kwa maana mtu wa Équateur naye ana haki ya habari. Zile 15 za komini na uchifu zisiguswe. Hizo ni za barabara na zahanati za watu wanaokula vumbi.

Kwa nini madini? Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba mwaka 2024, na duniani imetanguliwa na Chile peke yake. Malori yanapita mjini usiku na mchana kwenda mpakani Kasumbalesa. Utajiri huo ni wa wote kwa mujibu wa Katiba, na jambo la kwanza ambalo mwenye mali anahitaji ni habari za mali yake: imetoka kiasi gani, imelipiwa kiasi gani, imekwenda wapi. Redio inayolipwa na mrabaha ina sababu ya kuuliza maswali hayo kila juma.

Makampuni ya madini si yatainunua redio?

Hofu ya haki kabisa. Leo kampuni inaweza kudhamini kipindi, kutoa jenereta, kusafirisha waandishi kwenda mgodini na kuwarudisha wameshiba. Huko ndiko kununua kunakofanyika. Mrabaha ni kitu kingine: ni deni la kisheria, kampuni inalipa kwa thamani ya madini yake, iwe imesifiwa au imelaumiwa. Haiwezi kuongeza wala kupunguza kwa sababu ya habari ya jana. Ndiyo maana nakataa kabisa wazo la kutumia ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo makampuni hutenga kwa maendeleo ya jamii. Hiyo kampuni inaketi mezani inapogawanywa, na kipaza sauti kingewekwa kwenye meza hiyo hiyo.

Na bei ya shaba ikianguka?

Itaanguka, kama ilivyoanguka mwishoni mwa 2008 na watu wetu wakafukuzwa kazi kwa maelfu. Kobalti nayo: Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wake nje ili bei ipande, na tangu Oktoba mwaka huo kukawa na kikomo cha uuzaji kwa kila kampuni. Aliyepanga mishahara juu ya kobalti peke yake angelala njaa miezi ile. Kwa hiyo mfuko usitumie zaidi ya theluthi mbili ya kilichoingia katika mwaka mzuri. Theluthi moja ibaki akiba, hadi ifike gharama za mwaka mmoja na nusu.

Nani atashika pesa hizo?

Hapa ndipo pendekezo lolote hufa au huishi. Asishike gavana, asishike waziri wa jimbo wa mawasiliano, asishike mkurugenzi wa kituo. Nataka baraza dogo ambalo wajumbe wake wanachaguliwa na vyama vya waandishi, vyuo vikuu, mabaraza ya dini, vyama vya wanawake wa soko, vyama vya wenye ulemavu na vijana, kwa muhula mmoja usiorudiwa, na usioanza siku moja na muhula wa gavana. Baraza hilo lipime mahitaji ya miaka mitatu kwa pamoja, kama ile tume ya Ujerumani. CSAC, baraza kuu la kusimamia vyombo vya habari, ambayo Katiba imeipa kazi ya kulinda uhuru wa habari, ipewe hesabu zake. Na hesabu hizo zisomwe hewani kwa Kiswahili kila miezi mitatu: tulipokea kiasi hiki, mishahara kiasi hiki, mafuta ya jenereta kiasi hiki. Anayesikiliza akiwa anamenya mihogo aelewe.

Nimeulizwa ikiwa watu hao hawatakula nao. Wengine watajaribu. Ndiyo maana ya kusoma hesabu hewani.

Redio za jamii zitapata kitu?

Lazima. Huduma ya umma ni kazi, na RTNC si peke yake inayoifanya. Redio ndogo ya Pweto au ya Mitwaba ikirusha vipindi vya afya, kilimo na mijadala ya komini, ilipwe kwa kazi hiyo kwa mkataba unaojulikana na wote. Sharti liwe moja gumu: mwandishi wa kituo kinacholipwa na mfuko awe na mshahara wa kudumu na pesa ya safari kutoka kituoni, na akipokea bahasha ya kupaji aadhibiwe. Kumkataza bila kumlipa ni kumwonea.

Vipindi vitakuwa kwa lugha gani?

Kiswahili kwanza, na nafasi ya haki kwa Kibemba, Kisanga, Kiluba na nyingine za jimbo. Wazee wanakumbuka Mufwankolo na kundi lake, walivyocheza michezo yao kwa Kiswahili cha mji huu, na mtaa mzima ukakusanyika kwenye redio au televisheni moja. Siasa, ndoa, ulevi, ukabila, kila kitu kilipita mle na watu wakajadili hadi usiku. Mchezo kama huo unahitaji waigizaji wanaolipwa, siku za mazoezi, fundi wa sauti. Leo vituo vyetu vinajaza saa kwa muziki na mahubiri yaliyolipiwa kwa sababu ndivyo vya bei rahisi. Nataka watoto wa Kamalondo wasikie tena lugha yao ikifanyiwa kazi kubwa na watu wenye kipaji, na nataka hilo liandikwe katika masharti ya mfuko, kwa saa za kila juma.

Vijana hawasikilizi redio, wako kwenye simu. Hatujachelewa?

Wako kwenye simu wakiwa na mega za intaneti. Mega zikiisha wanarudi kwenye redio ya jirani. Mfuko ulipie vyote viwili: mnara wa FM, na pia sauti fupi za habari zinazoweza kutumwa WhatsApp bila kula mega nyingi. Uvumi unasafiri huko kila siku. Habari iliyothibitishwa nayo isafiri huko.

Mama anayeuza fretini, samaki wadogo, soko la Kenya atalipa kiasi gani?

Hatalipa kitu. Wala mwenye redio, wala mwenye simu.

Mimi mwananchi wa kawaida nianzie wapi?

Anzia kwenye ibara ya 27 ya Katiba. Inampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Bajeti ya jimbo hupitishwa kwa edikti, yaani sheria ya jimbo, katika Baraza la Jimbo kila mwaka, kwa hiyo ombi lifike kabla wabunge wa jimbo hawajaanza kuijadili. Andika kwa Kiswahili au Kifaransa, ukurasa mmoja unatosha: taja ile dola 1 katika 25, taja baraza huru, taja kusoma hesabu hewani. Kusanya sahihi kanisani, msikitini, chuoni, kwenye chama cha likelemba, cha kuchangiana pesa kwa zamu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo, na uandike tarehe, kwa sababu miezi mitatu huhesabiwa kuanzia hapo.